Stadi Isiyovuka Mlango wa Darasa

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa watoto wenye usonji, Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Wazazi wenzangu, mabibi na mababu mliokuja na wajukuu, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, na ninyi akina dada mnaoshinda na watoto hawa wakati wazazi wapo kazini: asanteni kwa kuja. Nimefurahi sana kuwaona akina dada, maana sehemu kubwa ya nitakayosema leo ni kazi inayopita mikononi mwenu, na mikutano kama hii mara nyingi huwasahau.

Mwisho wa muhula mzazi hupewa ripoti. Imeandikwa: ananawa mikono mwenyewe, amefaulu. Anasalimia, amefaulu. Anaomba maji, amefaulu. Mzazi anaisoma njia nzima kwenye daladala kwa furaha. Anafika nyumbani, na mtoto yule yule anasimama mbele ya ndoo ya maji kama hajawahi kuona maji. Hapo mama anaanza kujiuliza: mwalimu kanidanganya? Mwanangu ni mkaidi? Au ni mimi nisiyejua kulea? Kwa miaka ambayo nimefanya kazi hii, mara nyingi sana majibu hayo yote matatu si kweli. Mwalimu kaandika alichokiona. Mtoto hana ukaidi. Mama hana kosa. Mtoto amefundishwa kunawa kwenye bomba lile la shule, akiwa na mwalimu yule, baada ya kengele ile. Kunawa nyumbani kwao hakuna aliyemfundisha.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Stadi ambayo mtoto anaiweza darasani tu bado haijafundishwa ikaisha. Kuitoa nje ya darasa na kuifanya idumu ni kazi inayopangwa tangu siku ya kwanza, na si jambo la kungoja lijitokeze lenyewe.

Sisi tunaotumia uchambuzi tumizi wa tabia, ambao wengi wenu mnaujua kwa kifupi chake, ABA, yaani kufundisha kwa kupima tabia na kubadilisha kinachoitangulia na kinachoifuata, hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 1968, jarida la fani hii lilipoanza kutoka, Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliandika humo sifa saba za kazi inayostahili jina hilo. Ya saba inadai kwamba badiliko la tabia lidumu, lionekane mahali pengine, au lienee hadi kwenye tabia nyingine. Wakaongeza kuwa jambo hilo lipangwe, watu wasilitarajie tu kisha walisikitikie likikosekana. Mwaka 1977 Trevor Stokes na Baer huyo huyo wakapitia tafiti takriban 270 zilizogusa suala hili. Njia waliyoikuta mara nyingi waliiita kufundisha na kutumaini: unafundisha, unapima darasani, unatumaini mengine yatakuja. Tangu wakati huo umepita karibu nusu karne, na bado naikuta njia hiyo katika vituo vinavyotoza ada kubwa na katika vitengo vya shule za serikali vilevile.

Kwa nini stadi haivuki? Utafiti mmoja naupenda kwa sababu haukuishia kusema mtoto ameshindwa. Mwaka 1975 Arnold Rincover na Robert Koegel waliwafundisha watoto 10 wenye usonji, kila mmoja akifundishwa na mtu mmoja chumbani kuitika agizo dogo. Kisha mtu mwingine, mgeni kwa mtoto, akatoa agizo lile lile nje ya chumba. Watoto wanne kati ya 10 hawakuitika hata kidogo. Watafiti wakaanza kurudisha mambo ya chumba cha mafunzo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto akaitika. Ikaonekana kila mmoja wa wale wanne alikuwa amekamata kitu cha pembeni. Yupo aliyekuwa akifuata namna mkono wa mwalimu unavyosogea, maneno hayakuwa na maana kwake. Yupo ambaye ilibidi meza na viti vya chumbani vipelekwe huko nje ndipo ajibu. Watoto hao walikuwa wamejifunza kweli, ila walichojifunza sicho mwalimu alichodhani anakifundisha.

Nami nimeyaona haya haya kwenye salamu. Mtoto wa kiume, miaka saba, shuleni anasema "shikamoo" vizuri kabisa. Nimekwenda kwao. Bibi yake amekaa kwenye mkeka, amejitanda khanga, anapepeta mchele. Mama anamwambia, "Msalimie bibi." Mtoto anauzunguka mkeka, anagusa ukingo wa ungo, anakwenda zake. Nikaomba nioneshwe video ya darasani. Mwalimu anasimama mbele ya mtoto, anainama kidogo, ananyoosha mkono kiganja kikiwa juu, anasema, "Salamu?" Mtoto anaitikia, "Shikamoo." Sasa mtazame bibi. Hasimami, hainami, hanyooshi mkono, hasemi "salamu?", na macho yake yako kwenye mchele. Katika picha nzima ile hakuna hata kitu kimoja kilichotoka darasani.

Tulimwomba bibi aweke ungo chini na anyooshe mkono kama mwalimu. "Shikamoo" ikatoka. Bibi akasema, "Marahaba, mume wangu," akamvuta akamkalisha pembeni yake. Baada ya hapo kazi ilikuwa kuupunguza ule mkono: kwanza uinuke nusu, baadaye vidole tu, mwishowe bibi amtazame peke yake. Wakati huo huo shuleni mwalimu akaanza kusalimiwa akiwa amekaa, akiwa anaandika ubaoni, akiwa getini. Akaingia mpishi, akaingia mlinzi. Tulileta kitu cha darasani nyumbani, na tukapeleka hali za nyumbani darasani. Njia hizo mbili zikikutana katikati, mtoto anavuka.

Angalieni pia bahati tuliyo nayo katika salamu hii. Mtu mzima yeyote wa hapa, awe jirani, kondakta au mama ntilie, akisikia "shikamoo" ataitikia "marahaba", na mara nyingi ataongeza tabasamu au atauliza jina. Hatukumfundisha mtu yeyote mtaani kumtuza mtoto yule. Jamii inamtuza kwa desturi yake. Ukichagua stadi ambayo watu wa mahali pale tayari wanaiitikia, nusu ya kazi ya kuidumisha umeshaimaliza. Ukichagua stadi ambayo hakuna anayeihitaji nje ya meza yako, utailipia biskuti maisha yote. Ndiyo maana nawaomba walimu waangalie upya muda unaotumika kupanga vipande vya rangi kwenye vikombe. Mtoto anayeweza kutenganisha bluu na nyekundu lakini hawezi kusema amechoka hajasaidiwa vya kutosha.

Nirudi kwenye kunawa mikono, maana wengi mliinua mikono nilipotaja ndoo. Hebu tuhesabu pamoja maji yanavyomfikia mtoto wa jiji hili. Kuna bomba la kuzungusha na bomba la kuinua. Kuna ndoo yenye koki, zile zilizojaa kila mlango wakati wa korona. Kuna kopo na beseni, ambapo mtu mwingine anakumiminia. Kuna birika kwenye shughuli. Akienda kijijini atakuta kibuyu chirizi kinachovutwa kwa kamba ya mguu. Sabuni nayo ni ya kipande, ya maji au ya unga. Mwalimu anayefundisha kwenye bomba moja na sabuni moja mwaka mzima amefundisha kitu kidogo sana, hata kama alama ni 10 kwa 10.

Je, tufundishe kwenye kila ndoo ya nchi hii? Hapana. Mwaka 1984 Jeffrey Sprague na Robert Horner walilishughulikia swali hili kwa kutumia mashine zinazouza soda na vitafunio. Walikuwa na wanafunzi sita wa sekondari wenye ulemavu wa akili wa wastani na mkubwa, na wakawapima kwenye mashine 10 ambazo hazikutumika katika mafunzo. Kujifunza kwenye mashine moja hakukusaidia sana. Kujifunza kwenye mashine tatu zinazofanana hakukusaidia sana pia, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya wakidhani wingi wa mifano unatosha. Kilichosaidia ni mashine tatu zilizochaguliwa kwa makusudi ili tofauti zote muhimu ziwemo ndani yake: sehemu ya kuingizia sarafu, namna ya kuchagua bidhaa, namna ya kuiwasha, mahali bidhaa inapotokea.

Chukueni wazo hilo mlipeleke dukani. Najua wengi wetu ndoto yetu ni kumtuma mtoto akanunue chumvi arudi salama. Darasani kuna meza, noti za kuigiza, pakiti tupu, mwalimu anayejifanya muuzaji na kuuliza kila siku, "Unataka nini?" Dukani kwa Mangi kuna nondo na wavu, muuzaji haonekani vizuri, watu wazima wawili wanaagiza juu ya kichwa cha mtoto. Muuzaji anaweza kusema "nikupe nini", anaweza kusema "sema bosi", na anaweza kunyamaza akamtazama tu. Anaweza kusema "imeisha". Anaweza kukosa chenji akatoa pipi badala yake. Kwenye genge mambo ni mengine tena: nyanya zimepangwa mafungu, unaonesha kwa kidole. Supamaketi hakuna wa kukuuliza. Unachukua mwenyewe unakwenda kwenye foleni.

Basi chagueni sehemu tatu zinazotofautiana hivyo, duka la nondo, genge na supamaketi, mfundishe hapo hapo kwa pesa halisi. Zungumzeni na Mangi kabla. Mwambieni leo aseme "imeisha", kesho achelewe kidogo kuitikia, keshokutwa akosee chenji. "Imeisha" ndilo jambo ambalo darasani halifundishwi kabisa, na ndilo linalomvunja mtoto moyo akaanza kujipiga au kulia mbele za watu, kisha mama anaapa hatamtuma tena. Mfundisheni la kufanya: kuuliza kingine, au kurudi nyumbani na pesa mkononi akapongezwa vilevile kama aliyerudi na chumvi.

Mzazi mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: si mnasema watoto hawa wanapenda mambo yasiyobadilika, mbona unataka tubadilishe kila kitu? Swali zuri na lina haki yake. Mabadiliko ya ghafla huwaumiza wengi wao, na sitaki mtu atoke hapa akavuruge ratiba ya mtoto kwa jina langu. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, mwambieni mtoto mapema kwa picha au kwa maneno, na anzeni na badiliko dogo: dada badala ya mama, ndoo ile ile. Kisha mama, ndoo nyingine. Mtoto akionesha kuzidiwa, rudini hatua moja. Hakuna mashindano hapa.

Sasa suala la kudumu. Stadi imevuka, ameweza nyumbani, ameweza dukani. Baada ya miezi mitatu imepotea. Mara nyingi sababu iko kwenye tuzo. Mwanzoni tunatuza kila mara, na ni sawa, mtoto anahitaji kujua amepatia. Tatizo ni pale tunapotuza kila mara kwa miezi, kisha siku moja biskuti zikaisha au mwalimu akahama, tuzo ikakatika ghafla. Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha mwaka 1957 rekodi nyingi sana za jambo hili, hasa kwa njiwa, na wengine wameliona kwa binadamu: tabia iliyozoea kulipwa kila mara huacha upesi malipo yakisimama, na ile iliyozoea kulipwa mara moja moja, bila kujua ni lini, huendelea muda mrefu. Kwa hiyo punguzeni polepole. Kila mara, kisha mara nyingi, kisha mara moja moja bila mpangilio wa kukisiwa, na wakati wote huo biskuti iende ikipisha pongezi, na pongezi ipishe faida ya kitendo chenyewe. Aliyevaa viatu mwenyewe anatoka kucheza. Aliyeomba maji anapata maji.

Stadi yenye nguvu kuliko zote katika hili ni kuomba. Mark Durand na Edward Carr walichapisha mwaka 1991 habari za wanafunzi watatu waliokuwa na tabia ngumu darasani, kama kujipiga na kushambulia wengine. Walifundishwa kuomba msaada, au kuomba waangaliwe, kulingana na kile ambacho tabia ile ilikuwa ikiwapatia. Tabia ngumu zikapungua, na matokeo yakaendelea kwenye kazi mpya, madarasa mapya na walimu wapya, hata baada ya miezi 18 hadi 24. Siri yake ni kwamba mtoto akisema "nisaidie", mwalimu yeyote atasaidia, hata asiyejua historia yake. Mmoja wao alikwama kwa sababu walimu wapya hawakuelewa matamshi yake. Waliporekebisha matamshi, akaendelea vizuri. Hilo linatuhusu sana. Mama anaelewa kila sauti ya mwanawe, na hiyo ni neema, lakini kondakta haielewi. Kama maneno hayatoki sawasawa, mpeni mtoto kadi ya picha au ishara ambayo mgeni ataielewa.

Kuna utafiti mwingine ambao kila ninapousoma huniumiza. Ivar Lovaas na wenzake wa Los Angeles walitoa mwaka 1973 taarifa ya watoto wenye usonji waliowafundisha kwa saa nyingi, wakawafuatilia mwaka mmoja hadi minne baadaye. Ambao wazazi wao walifundishwa kuendeleza kazi waliendelea kusonga mbele. Ambao walirudishwa kwenye taasisi za kulelea walipoteza walichokuwa wamekipata. Wataalamu ni wale wale, mbinu ni zile zile. Tofauti ilikuwa watu waliompokea mtoto baada ya mafunzo. Mzazi anayekatazwa kuingia darasani "ili asimsumbue mtoto" ananyimwa kitu ambacho utafiti umeonesha tangu miaka ya 70 kuwa ndicho kinachohifadhi kazi yote.

Naomba nisiwafiche kuwa kazi ya miaka ile, ikiwemo ya Lovaas, ilitumia adhabu, hata shoti za umeme, na leo watu wazima wenye usonji wanatueleza waziwazi jinsi walivyoumizwa na mafunzo yaliyowalazimisha kuficha walivyo. Tuwasikilize. Kabla ya kuuliza stadi hii itaeneaje, tuulize kama inastahili kuenea. Kumlazimisha mtoto atazame watu machoni mchana kutwa, nyumbani na shuleni, ni kueneza mateso. Kutikisa mikono akifurahi hakumdhuru mtu, mwacheni aendelee.

Na zipo stadi ambazo kuenea kwake ni hatari. Mtoto akifundishwa kutii kila agizo la kila mtu mzima, tukashangilia kwamba sasa anamtii hata asiyemjua, tumemweka mikononi mwa yeyote mwenye nia mbaya. Kukumbatia ni kwa watu fulani. Kuvuliwa nguo ni kwa watu wachache wanaojulikana, mahali panapojulikana. Hata "shikamoo" ina mipaka, akiwaamkia watoto wenzake watamcheka. Kwao afundishwe "mambo" na "poa". Lakini "sitaki" na "hapana" naziweka juu ya zote. Hizi nataka ziende kila mahali: kwa mwalimu, kwa daktari, kwa mjomba, kwangu mimi. Na mtoto akizisema, ziheshimiwe, maana "hapana" isiyoheshimiwa hufa haraka kuliko stadi yoyote.

Walimu, shule zinafungwa Juni, na wengine wenu watoto wanatoka bweni kwenda kwa watu ambao hawajawaona tangu Januari. Msitume ripoti peke yake. Andikeni karatasi moja kwa Kiswahili chepesi: stadi tatu, si 20, na kwa kila moja mseme anaifanya na nani, wapi, mnamwambia maneno gani, mnamsaidia kiasi gani na mnamtuza kwa kitu gani. Muiteni atakayeshinda naye, awe bibi au dada, aifanye mbele yenu mkiwa mmekaa pembeni. Shule zikifunguliwa, siku za mwanzo pimeni stadi hizo hizo kabla ya kuanza mpya, kisha pimeni tena baada ya mwezi.

Wazazi, nanyi mkipewa neno "amefaulu", ulizeni kwa heshima: amefaulu na nani? Wapi? Lini mara ya mwisho? Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa.

Jambo la mwisho ni kuhusu watoto wasiozungumza wanaotumia kadi za picha. Kila likizo nakuta madaftari ya kadi yamefungiwa kabatini shuleni yasipotee, na mtoto yuko nyumbani wiki nne hana namna ya kusema anaumwa tumbo. Kadi zile ni sauti yake, si mali ya darasa. Ziende nyumbani siku ya kufunga, zikining'inia shingoni au zikiwa ndani ya begi, na zikipotea tutachapisha nyingine. Kesho asubuhi, walimu, naomba mfungue hayo makabati.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.